Modemu haikuwa bubu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Gazeti lenu liliandika kwamba kampuni ya AOL ya Marekani ilizima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025. Mwandishi wenu akakumbushia enzi hizo kwa aya mbili tatu: mlio wa ajabu, kusubiri, halafu mtandao unakubali au unakataa, kila mtu na bahati yake. Habari yenyewe nimeisoma kwa furaha. Hilo la bahati ndilo lililonifanya nishike kalamu. Modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya simu, ilipokataa ilisema kwa nini imekataa, kwa maneno machache na yaliyonyooka, na waliokaa mbele yake ndio walioamua ama kuyasoma ama kuizima na kuiwasha tena.

Nilifundisha Fizikia miaka mingi katika shule ya sekondari ya bweni wilayani Korogwe. Mwaka 2006 tulipewa kompyuta moja ya mtumba, Pentium III, iliyofika bila mfumo endeshi wowote, na shule haikuwa na fedha za leseni. Mwanafunzi wangu wa zamani, wakati huo akisoma Mlimani, akanitumia kwa basi sidii ya Ubuntu 6.06, toleo mojawapo la mfumo endeshi wa bure wa Linux, zile zilizokuwa zikisambazwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Kuiweka Linux kulinichukua alasiri moja. Kuiunganisha na intaneti kwa laini ya simu ya ofisi ya mkuu wa shule kulinichukua wiki tano, na kila siku ya hizo wiki tano niliandika kwenye kaunta buku langu nilichokiona na nilichokifanya. Kaunta buku hilo liko mbele yangu ninapoandika barua hii.

Kurasa za kwanza zinahusu kadi ya modemu iliyokuwa ndani ya kompyuta. Amri ya lspci, inayoorodhesha kadi zilizomo ndani ya kompyuta, iliiona na kuitaja kwa jina, lakini programu ya kupigia simu ikasema hakuna modemu popote. Nilihangaika nayo siku tisa. Kumbe modemu kamili inakuja na chipu zake za kugeuza namba kuwa sauti na sauti kuwa namba, ilhali kadi ile ilikuwa nusu modemu: kazi hiyo iliachiwa prosesa ya kompyuta, kupitia programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Watu wa Linux waliziita winmodemu. Baadhi yake, zenye chipu za Lucent, Conexant au Smart Link, zilikuja kupata programu za kuziendesha katika Linux. Kwa ile yetu sikupata. Tukachanga walimu watano, nikashuka Tanga mjini, nikarudi na modemu ya nje ya US Robotics iliyokwisha kutumika, yenye taa usoni na kebo nene ya pini 25 upande mmoja na pini 9 upande wa pili.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Niliandika dmesg, amri inayoonyesha Linux imeona vifaa gani, nikatafuta mistari yenye tty, yaani ya poti, nikakuta huu: "ttyS0 at I/O 0x3f8 (irq = 4) is a 16550A". Maana yake poti ya kwanza ya siriali ipo, na chipu yake ni ile yenye akiba ya baiti 16, kwa hiyo haitapoteza herufi prosesa ikiwa na shughuli nyingine. Nikafungua minicom, programu ya kuongea na modemu moja kwa moja, nikaandika herufi mbili tu, AT, nikabonyeza Enter. Modemu ikajibu OK. Mhariri, kwa mwalimu wa Fizikia jaribio lile lilikuwa safi kama la sumaku na vumbi la chuma. Jibu moja la OK linathibitisha kwa pamoja kwamba umeme upo, kebo ni nzima, poti ni hiyo, na modemu iko hai. Likikosekana, tatizo liko ndani ya chumba chako. Usimpigie fundi wa simu.

Kesho yake mwenzangu wa Hisabati akajaribu kwa jina lake la mtumiaji akapata "Permission denied". Modemu haikuwa na kosa. Linux ilikuwa inalinda mlango: jina lake halikuwa katika dialout, kundi la wanaoruhusiwa kutumia modemu. Nilimwingiza, akatoka na kuingia upya, ikaisha. Nimeitaja kwa ufupi kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote, ingawa nimewaona watu wakibadilisha mfumo mzima kwa ajili yake.

Ujumbe wa tatu ulikuwa "NO DIALTONE". Simu ya mkuu wa shule ilipitia swichibodi ya shule, na mlio wa swichibodi ile haukuwa ule ambao modemu iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inautambua. Wewe na mimi tukiinua mkono wa simu tunasikia kwamba laini ipo. Modemu inapima marudio ya mlio, na yasipolingana na inayoyajua inaona laini imekufa. Dawa yake ni ATX3, amri inayoiambia: usisubiri mlio, piga tu, ila laini ikiwa inatumika nijulishe. Na kwa kuwa kutoka nje ya shule tulibonyeza 9 kwanza, nikaandika ATDT9 na kufuatisha namba ya mtoa huduma.

Simu ikaita. Katika spika ya modemu ikasikika sauti ya mama mtu mzima: "Haloo? Haloo?" Nilinyanyua simu ya pembeni haraka nikamwomba radhi. Ikatokea tena siku hiyo hiyo, mama yule yule. Nilikaa na kaunta buku langu hadi nikaelewa. Swichibodi ilihitaji muda kidogo kutoa laini ya nje baada ya ile 9, na modemu, ambayo sasa nimeikataza kusubiri, ilikuwa inatupa namba kabla laini haijafika. Tarakimu ya kwanza ilikuwa inamezwa. Katika lugha ya modemu, mkato mmoja ni kusubiri sekunde mbili. Nikaweka mikato miwili baada ya 9. Yule mama hatukumsumbua tena.

Nirudi kwenye ule mlio ambao mwandishi wenu aliuita wa ajabu. Niliwafundishia wanafunzi wangu mada ya mawimbi kwa mlio huo. Kwanza unasikia tarakimu, kila moja ikiwa sauti mbili zilizopigwa pamoja. Kisha upande wa pili unapokea na kutoa mlio mwembamba wa hezi 2100, nao kila baada ya milisekunde 450 unageuzwa awamu, na ukisikiliza kwa makini unausikia ukiruka. Kugeuka huko kunaviambia vifaa vya kuzuia mwangwi vilivyo njiani vijizime, kwa sababu vifaa hivyo vinafaa kwa binadamu wanaopokezana maneno, na modemu mbili zinasema kwa wakati mmoja. Baada ya hapo modemu zinaulizana zinajua lugha zipi, zinapima laini kwa sauti nyingi kuona zipi zinapita na zipi zinafifia, na mwishoni ndipo unakuja ule mvumo kama mvua juu ya bati. Ule ni taarifa zenyewe, zimechanganywa makusudi ili nguvu ya sauti isambae sawasawa. Spika inazimwa zikishapatana. Iliachwa wazi kwa dakika hiyo ili mtu asikie kilichotokea, kama mimi nilivyomsikia yule mama.

Mvua za vuli zilipoanza tukapata "NO CARRIER". Wakati mwingine ilikuja kabla ya kupatana, wakati mwingine modemu zikiwa zimeshapatana. Ujumbe huu nauheshimu, maana unataja jambo moja tu: wimbi la upande wa pili halisikiki. Niliongeza rejista ya S7, inayosema modemu isubiri sekunde ngapi kupatana, ikawa 90. Na S10, inayosema ivumilie kimya cha muda gani kabla ya kukata, ikawa 50, yaani sekunde tano kwa sababu inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Ilisaidia nusu. Nusu nyingine nilimwonyesha fundi wa simu kwenye daftari: tarehe za mvua safu moja, tarehe za kukatika safu ya pili. Hakubishana na daftari. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku kilicho chini ya mwembe, akakifungua, viungo vya shaba vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Alivikata akaunga upya. Laini ikatulia.

Sasa nifike kwenye usiku ambao nisingeusahau hata bila daftari. Modemu ilipatana, ikaandika CONNECT, taa ya CD, inayoonyesha kwamba wimbi la upande wa pili linasikika, ikawaka na kubaki imewaka. Programu ya pppd, inayoshika mazungumzo baada ya hapo, ikakaa sekunde kadhaa halafu ikakata. Nilijaribu mara sita, na kila CONNECT ilikuwa inahesabiwa dakika za simu. Nilimwandikia meseji yule mwanafunzi wangu kwamba intaneti imegoma. Jibu lake ninalo hapa, nililinakili: "Shikamoo mwalimu. Usizime. Andika plog, unitumie mstari wa mwisho kama ulivyo, usiufupishe."

Plog ni amri ya kuonyesha log, yaani kumbukumbu ya yaliyotokea. Mstari niliupata: "Serial line is looped back".

Kabla hajanijibu tayari nilikuwa nimeshasimama. Sisi tunaokaa chini ya milima ya Usambara tunajua maana ya kuita bondeni ukajibiwa na sauti yako mwenyewe. Pande mbili zinapoanza kuongea PPP, lugha ya kupitishia intaneti kwenye laini ya simu, kila upande unajichagulia namba ya kubahatisha na kuituma. Ukipokea namba tofauti na yako, kuna mtu upande wa pili. Ukirudishiwa ile ile yako, unajisikia mwenyewe. Kwa nini tujisikie wenyewe? Kwa sababu seva ya mtoa huduma ilikuwa bado imesimama mlangoni ikiuliza "login:", na mashine inayosubiri jina huwa inarudisha kila herufi unayoiandika ili uione kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimechagua njia ya PAP, ambayo jina na neno la siri hutumwa ndani ya PPP, ilhali wao walitaka vitajwe kwanza mlangoni, kwa maandishi ya kawaida. Nikabadilisha katika pppconfig, programu ya kupangia miunganisho hiyo, nikaandika subiri "ogin:" utume jina, subiri "word:" utume neno la siri. Herufi ya kwanza inaachwa kwa kuwa baadhi ya seva huanza na L kubwa na nyingine l ndogo.

Huo ulikuwa ujumbe wa maneno matano, Mhariri. Ulibeba ndani yake upande wa kosa, hatua ya kosa, na sababu yake. Nani atasema ni bahati?

Miezi michache baadaye mtoa huduma alibadilisha seva na ikawa zamu ya PAP kweli, tukapata "PAP authentication failed". Niliandika neno la siri upya mara nne. Lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika faili la pap-secrets: neno letu lilikuwa na alama ya #, na katika faili lile kila kinachofuata # huhesabiwa kuwa maelezo ya pembeni, hakisomwi. Seva ilikuwa inaletewa nusu ya neno. Nikalifunga neno zima ndani ya alama za nukuu, likapita.

Nirudi kwenye zile wiki tano. Hata baada ya kupewa anwani ya mtandao kuna mitego. Tulipewa, log ikaonyesha "local IP address" na "remote IP address", na bado hakuna ukurasa uliofunguka. Mistari mitatu juu yake kulikuwa na maneno ambayo nilikuwa nimeyaruka: "not replacing existing default route". Kompyuta ilikuwa na kadi ya mtandao ambayo niliwahi kuipa njia kuu nilipokuwa najaribu kuiunganisha na ya maktaba, na pppd kwa adabu haikuifuta. Kila tulichotuma kilikuwa kinakwenda maktaba, kwenye kebo isiyofika popote. Amri ya route -n ilinionyesha. Niliifuta njia ile, nikaping, yaani nikaibishia hodi, seva ya mtoa huduma kwa namba yake ikajibu, nikaping kwa jina haikujibu. Hapo kosa likawa limebanwa kwenye kona moja: resolv.conf, faili linalotaja seva za kugeuza majina kuwa namba, ilikuwa tupu. Nikaongeza kwenye mipangilio neno usepeerdns, linaloomba anwani za seva hizo kwa mtoa huduma. Saa tatu na dakika kumi usiku tukasoma barua pepe ya kwanza ya shule, walimu wanne na mlinzi.

Kasi nayo tuisemee, kwa kuwa aya ya mwandishi wenu ilitaja kilobiti 56 kana kwamba kila mtu alizipata. Kasi hiyo, ya kiwango cha modemu kiitwacho V.90, ilikuwa ya kupokea tu, kutuma iliishia 33.6, na ilihitaji njia iwe ya kidijitali mpaka kituo cha mwisho cha simu kabla ya nyumba yako. Sisi tulipata 28,800 siku njema. Megabaiti moja ilichukua dakika tano hivi. Na modemu ikiandika CONNECT 115200, hiyo ni kasi kati ya kompyuta na modemu, haihusu laini. Kwa modemu nyingi ilibidi kutuma ATW2 ndipo itaje kasi ya kweli.

Sikuandika haya ili nilie na zamani. Mkonga wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulipofika pwani yetu mwaka 2009 nilifurahi kuliko wengi. Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita nilikaribishwa kwenye chumba cha kompyuta cha shule jirani. Kijana anayekihudumia, mwenye bidii na mikono mizuri, alikuwa na modemu ya USB ya laini ya simu ya mkononi ambayo alikuwa tayari kuitupa. Alikuwa ameweka Linux upya mara mbili, akanunua laini mpya, akabadilisha kompyuta. Nilimwuliza log inasemaje. Aliniangalia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mahali pa kusoma.

Tulifungua minicom kwenye ttyUSB0, poti ya modemu hiyo. Tukaandika AT, ikajibu OK, kama ile ya 2006, na kama zilivyojibu zile za kampuni ya Hayes zilizoleta amri hizi mwaka 1981. Tukauliza AT+CSQ, ikatoa 19, na kipimo kinaishia 31, kwa hiyo mawimbi yapo. Tukauliza AT+CPIN? ikajibu "SIM PIN". Laini ilikuwa imefungwa, inasubiri namba ya siri iliyoandikwa kwenye kile kikadi ilichokuja nacho, na kikadi kilikuwa mfukoni mwake. Akaiingiza. Akapiga *99#, namba ya kufungulia intaneti. CONNECT. Chini yake ni pppd ile ile, na ujumbe ni ule ule niliousoma kwa mwanga wa taa ya ofisi ya mkuu wa shule.

Kijana huyo hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwambia, kwa lugha anayoota nayo, kwamba mashine imeshamjibu. Kwenye kaunta buku langu kila ujumbe nimeuandikia Kiswahili chake: NO DIALTONE ni "sisikii laini", BUSY ni "wanaongea", NO CARRIER ni "simsikii mwenzangu", looped back ni "najisikia mwenyewe". Wanafunzi wangu waliyashika kwa siku moja. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha njia mwaka 2004 walipoitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi, kwa Kiswahili. Ninyi mna ukurasa wa sayansi kila wiki, na wiki nyingi unajazwa simu mpya zenye kamera tatu. Nipeni robo ya ukurasa huo. Kila toleo ujumbe mmoja wa hitilafu, kama ulivyo, maana yake kwa Kiswahili, na kitu cha kwanza cha kukagua. Ninao 63, wa modemu, wa printa, wa diski na wa mtandao, kila mmoja nimekutana nao mwenyewe na tarehe yake ipo.

Sihitaji malipo. Daftari siwezi kuliachia, ila nimeanza kulinakili kwa mkono, nimefika ukurasa wa 22. Niambieni tu niziache nakala hizo kwa wakala wenu wa Korogwe au nipande nazo basi hadi Dar es Salaam.

Mwalimu mstaafu wa Fizikia,
Korogwe, Tanga